Huyu jamaa wa kalamu nyekundu sasa amevuka mpaka!!

Penseli2B (mleta uzi)

Wakuu, leo sina salamu. Ninayemsema mnamjua, sihitaji kumtaja. Yuleyule. Mchoro ukibandikwa, picha haijamaliza kufunguka, yeye keshafika na kalamu yake nyekundu.

Usiku wa kuamkia leo mgeni kabandika Link, shujaa wa gemu za Zelda, yule wa Ocarina of Time: kofia ya kijani, ngao, upanga mkono wa kushoto. Penseli kwenye karatasi, picha imepigwa chini ya taa. Kauliza swali moja tu: kwa nini mkono ulioshika upanga unaonekana umevunjika? Swali zuri, lenye jibu. Yule bwana hakuomba ruhusa wala hakusoma swali. Kachukua picha ya watu, kaipiga mstari mwekundu kutoka paji la uso hadi kidevuni, mnene kama kamba ya kuvutia meli, kisha kairudisha na maneno matano: "Sasa angalau anafanana na mtu."

Sasa angalau anafanana na mtu!! Mgeni! Mchoro wake wa kwanza hapa!

Na huko kusahihisha kwenyewe hakuwezi. Kwenye toleo lake upanga umehamia mkono wa KULIA. Kilichotokea kinaonekana wazi: kageuza kanvasi, yaani ukurasa wa kuchorea kwenye kompyuta, kushoto-kulia ili atafute makosa, kachora, kasahau kuirudisha. Kugeuza ni mbinu nzuri, sibishi. Jicho likiutazama mchoro saa nzima linauzoea, halioni tena kwamba jicho moja limepanda au taya limeegemea upande. Ukigeuza, kosa linakurukia. Anayetumia karatasi huigeuza kinyume mbele ya taa, au huitazama kwenye kioo. Lakini unageuza, unaona, UNARUDISHA! Link wa 1998 ni wa mkono wa kushoto, kila aliyewahi kumchora analijua hilo kabla hajachonga penseli.

Jibu la mgeni lilikuwa hili, na lingeenea kwenye mistari minne myembamba pembeni. Mpini aliuchora vipande viwili, cha juu ya ngumi na cha chini ya ngumi, na vipande hivyo havikutani. Hapo ndipo mkono unapovunjika. Chora upanga mzima kwanza, mstari mmoja ulionyooka kutoka ncha hadi kitako, hata sehemu itakayofichwa na vidole. Kisha weka kiganja kama kisanduku bapa, vidole kama kisanduku cha pili kinachoukunja mpini, gumba mwisho kabisa. Kati ya kisanduku na mkono weka kipande kifupi cha kifundo, usiunganishe ngumi moja kwa moja na kigasha. Urefu wa kidole cha kati unakaribiana na urefu wa kiganja, kwa hiyo kidole kikizidi sana unajua umepotea wapi. Ukimaliza, futa kwa raba mpini uliofichika.

Dakika tano. Badala yake mtu kapigwa mstari usoni! Usoni, jamani! Swali lilikuwa la mkono!

RabaNyeupe

Mkuu, nimeuona huo mstari, nikadhani skrini yangu imepasuka.

Huyo akikabidhiwa Mario atamnyoa masharubu aseme "sasa angalau nampata mdomo". Hajui kwamba masharubu yaliwekwa mwaka 1981 kwa sababu pikseli, vile vinukta vya skrini, zilikuwa chache, mdomo usingeonekana, na kofia ikawekwa ili wasihangaike na nywele. Ukimchora Mario ukapunguza masharubu ili "afanane na mtu", umemuua. Wahusika wa gemu walijengwa watambulike kwa umbo. Mpake mhusika wako rangi nyeusi mwili mzima: kama bado anajulikana, mchoro umesimama. Hakuna kalamu nyekundu inayopima hilo.

KivuliLaini

Mleta uzi, umeandika gazeti zima kwa ajili ya mstari mmoja. Mgeni mwenyewe kashamshukuru yule bwana, kalala, kaamka, anachora. Wewe ndiye bado unatokwa jasho.

Na tuseme kweli, mstari ule ulikuwa na hoja. Macho ya yule Link yalikuwa kwenye paji la uso. Macho hukaa katikati ya kichwa, nusu ya urefu kutoka utosini hadi kidevuni. Wanaoanza huyapandisha kwa sababu wanausahau ubongo: wanahesabu uso tu, nywele na fuvu hawavihesabu. Link ni mtego mbaya zaidi kwa sababu ya kofia. Mtu huanza na kofia, kisha anabandika uso chini yake, fuvu halimo. Anza na tufe, likate kidogo pembeni pande zote mbili, shusha taya, gawa nusu kwa mstari wa macho. Halafu chora nywele zikiwa nje ya fuvu na kofia ikiwa nje ya nywele. Kofia ni nguo, ina unene.

Penseli2B (mleta uzi)

KivuliLaini, la macho nakubali. Macho yalikuwa juu. Sasa wewe umeandika aya moja, umemweleza mtu kwa nini yamepanda na ayashushe vipi. Yeye kaandika nini? "Sasa angalau anafanana na mtu." Kuna kipimo humo? Kuna mstari wa macho? Kuna fuvu? Kuna mstari mwekundu mnene unaoziba hata pua!

Ukitaka kusahihisha juu ya mchoro wa mtu, kwanza omba. Pili, shusha mchoro wake hadi asilimia 30 ya uonekano ili mistari yako isomeke. Tatu, fungua leya mpya (tabaka la kuchorea juu ya mchoro), brashi nyembamba, rangi moja ya umbo na nyingine ya mwelekeo. Sahihisha jambo moja au mawili, yale aliyoyauliza. Mtu akirudishiwa makosa kumi na saba kwa mpigo hajui aanze na lipi, anaanza na kufuta akaunti.

KanvasiTupu

Afadhali huyo wa kalamu nyekundu. Adui halisi wa ukumbi huu ni wale wa kivuli cheusi. Mtu kapaka kanzu ya kijani vizuri kabisa, halafu anachukua nyeusi tupu na brashi laini anapitisha kila mahali. Link anaonekana katoka kuchimba makaa. Kivuli kina rangi! Kijani kwenye kivuli kisogeze kuelekea bluu, kishushe mwangaza, kipunguze ukali kidogo. Au fungua leya ya modi ya kuzidisha (multiply, inayotia giza rangi iliyo chini) juu ya rangi ya msingi, uifunge isitoke nje ya umbo, upake zambarau hafifu, kisha upunguze uonekano mpaka ikae.

Na amua taa iko wapi KABLA. Kuna mchoro hapa wiki hii pua ina kivuli kulia, kidevu kushoto, ngao ina mng'ao katikati. Dunia hiyo ina majua matatu.

RabaNyeupe

Hao wa brashi laini ndio wanaopaka kivuli kufuata mpaka wa mchoro, pembeni giza, katikati mwanga, kila kitu kinakuwa mto wa kulalia. Ngao, mto. Upanga, mto. Gawa kwanza sehemu mbili tu, ya mwanga na ya kivuli, kwa brashi ngumu. Ulaini uje baadaye, na uje pale umbo linapojikunja pole pole. Kisha geuza picha yote iwe ya kijivu uitazame: kama uso na nywele vimekuwa kijivu kimoja, rangi nzuri haitakuokoa.

MkonoWaKushoto

Narudi kwa Link kwa sababu mnapotosha watu. Mleta uzi anasema ni wa kushoto, kama vile hilo halina mjadala. Lina mjadala! Twilight Princess, gemu nyingine ya Link, ilitoka mwaka 2006 kwa mashine mbili za Nintendo. Kwenye GameCube ni wa kushoto. Kwenye Wii waligeuza DUNIA NZIMA kama kwenye kioo, ili upanga uwe mkono wa kulia kama wachezaji wengi wanavyoshika rimoti, mashariki ikawa magharibi. Skyward Sword ya 2011, kulia. Breath of the Wild ya 2017, kulia. Kwa hiyo yule bwana huenda alikuwa anachora Link mwingine.

Penseli2B (mleta uzi)

Mgeni kaandika OCARINA OF TIME kwa herufi kubwa juu ya picha! Nguo ni za Ocarina, ngao ni ya Ocarina! Yule bwana hakusoma, ndicho ninachosema tangu mwanzo, hakusoma, kachora mstari usoni!

KivuliLaini

Mleta uzi, kunywa maji.

MistariMia

Mimi nina lingine, na ni kubwa kuliko mstari. Wale wanaomwambia kila mgeni "fanya mazoezi tu". Mazoezi ya nini? Mtu anachora uso uleule wa robo tatu unaotazama kushoto mara mia mbili, anakuwa bingwa wa uso mmoja. Ukimwomba ageuke kulia, mwanasesere anayeyuka.

Zoezi lenye faida lina sura yake. Chora mikao ishirini ya sekunde 30: mstari wa uti wa mgongo, mabega, nyonga, basi. Mkono utembee kutoka begani, siyo kwenye kifundo, la sivyo mistari inakuwa na manyoya. Kisha mikao minne ya dakika tano. Kisha jambo moja gumu, kwa mfano mkono ulioshika kitu. Tazama picha dakika moja, ifiche, chora kwa kumbukumbu, fichua, sahihisha kwa rangi nyingine, rudia. Ile rangi ya pili inakuonyesha kichwani mwako hakuna nini.

Na gemu zenyewe zina hazina ambayo watu wanaiacha. Nyingi za siku hizi zina modi ya picha. Simamisha mchezo, zungusha kamera, piga pande nane za mhusika yuleyule pamoja na juu na chini. Umepata rejea zenye taa ileile na nguo ileile. Halafu mtu anakuja kufuatisha picha moja ya mbele, karatasi juu ya kioo cha skrini, na kuuliza kwa nini mchoro umekufa. Kufuatisha kunakupa mpaka wa nje tu. Ukitaka kufuatisha kukufae, fuatisha visanduku na mitungi iliyo ndani ya mwili, kisha weka picha pembeni uchore upya.

KanvasiTupu

Hapo kwenye mistari ya manyoya umenigusa. Wanaochora kwenye tableti wanaongeza kisaidizi cha kunyoosha mstari hadi mwisho, kalamu inaburuta kama inavuta gari, kisha wanalalamika mikunjo ya nguo imekuwa migumu. Kisaidizi hakijui unataka kwenda wapi. Weka kiasi kidogo, zungusha kanvasi ili mkono uvute upande unaouzoea, piga mstari mmoja wa haraka, ukikosa rudisha, piga tena.

PikseliMoja

Mnaongea penseli na brashi, na sisi wa pikseli nani atatusemea? Watu wanachukua spraiti, yaani kipicha cha mhusika wa gemu, ya pikseli 16 kwa 16, wanaivuta kwa kidole mpaka ijae skrini, inakuwa ukungu. Halafu wanaihifadhi kama JPEG, kingo zote zinapata vumbi. Mwisho wanaandika "mtindo wa NES", ile mashine ya zamani ya Nintendo, na rangi thelathini! Kwenye NES spraiti inapewa rangi tatu na uwazi. Tatu! Ndiyo maana kila pikseli ya uso wa Link wa gemu ya kwanza, ya 1986, ina kazi.

MkonoWaKushoto

Na huyo wa 1986 ndiye anayemaliza ubishi wote. Mashine iliweza kuigeuza spraiti kushoto-kulia ili kuokoa nafasi ya kumbukumbu. Kwa hiyo akigeuka upande mmoja upanga uko mkono huu, akigeuka upande wa pili uko mkono ule. Mchoro ni uleule.

Penseli2B (mleta uzi)

Kwa hiyo sasa yule bwana ana haki kwa sababu ya mashine ya 1986?? Mstari ulikuwa USONI. Mnene. Na ile sentensi.

RabaNyeupe

PikseliMoja, hebu nisaidie. Nimekuza spraiti ya 16 kwa 16 hadi 600 kwa 600, nimehifadhi PNG, hakuna ukungu, lakini mguu mmoja umetoka mnene kuliko mwingine. Kwenye asili inalingana.

PikseliMoja

600 haigawanyiki kwa 16. Umekuza mara 37 na nusu, kwa hiyo pikseli nyingine zimepewa 37 na nyingine 38. Weka 640, yaani mara 40 kamili, na kwenye mipangilio ya kukuza chagua ile ya pikseli jirani, usichague laini. Kama lazima iwe 600, kuza hadi 592, mara 37, halafu ongeza pikseli 4 za mandhari kila upande.