Naomba ushauri: kaka yangu anaambiwa akawekewe "jicho la umeme"

Wakuu, habari zenu. Kaka yangu ana retinitisi pigmentosa, ugonjwa unaoharibu polepole retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Alianza kwa kutoona usiku, sasa anatambua mwanga wa dirisha tu. Chai anamimina huku kidole kiko ndani ya kikombe. Dalali mmoja anataka tuuze shamba tumpeleke nje.

Nimesoma kuhusu Argus II, aina ya jicho la umeme ya Marekani, iliyoidhinishwa huko 2013: kamera kwenye miwani, elektrodi (ncha ndogo za umeme) 60 juu ya retina. Ilisitishwa 2019, na waliopandikizwa wakabaki wanahangaikia vipuri. Hapo ndipo naogopa. PRIMA, aina nyingine ya jicho la umeme, nayo imejaribiwa kwa wazee walioharibika katikati ya retina, ugonjwa mwingine kabisa.

Mliowahi kuuguza mtu wa hivi, daktari wa retina tumuulize nini kabla ya kugusa shamba?