Asubuhi 19 juu ya mti, dume limefika, halafu yeye analeta CHAI!!!

MwanaMwaloni:

Wakuu naandika huku mikono inatetemeka na wala sio baridi. Yule jamaa mnamjua, sitaji jina, yule wa jaketi la bluu, yule ambaye kila shughuli hapa Grand Rapids anafika pilau likishaiva na anaondoka na makontena matatu. Jana amenifanyia kitu ambacho hata adui wa ukoo hakufanyii.

Nianze mwanzo asije mtu akasema nimekurupuka. Michigan msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde unafunguliwa tarehe 1 Oktoba unafungwa 14 Novemba, kesho yake wenye bunduki wanaingia na pori zima linageuka rangi ya chungwa kwa majaketi yao kama Muheza msimu wa machungwa, kulungu mwenye akili zake hatoki tena mchana. Ndio, Desemba upinde unarudi, ila waliobaki hapo wameshapigiwa risasi wiki mbili, ukikohoa tu wako wilaya ya pili. Kwa hiyo wiki zangu ni hizo sita na ushee, basi.

Na Oktoba hii imekuwa ya mateso. Joto, mnyama keshaota manyoya ya baridi, mchana hatembei, anasubiri usiku, na usiku sheria hairuhusu, mwisho nusu saa baada ya jua kuzama. Mialoni imezaa mpaka unateleza kwenye kokwa, kulungu anakula pale pale alipolala kama mgonjwa aliyeletewa uji kitandani, sasa atoke aende wapi? Mahindi ya wakulima bado yamesimama, nusu ya kulungu wa kaunti wamehamia humo. Kumwaga chambo huku kusini kumepigwa marufuku tangu 2019. Nimeona kindi elfu nne, bata mzinga kumi na moja, na mkia mmoja wa kulungu, unaondoka.

Asubuhi 19! Natoka shifti ya usiku silali, naendesha mpaka pori la serikali kule Allegan, napanda mtini gizani na mkanda wa usalama kifuani, nanusa upepo, nguo nimefua na sabuni isiyo na harufu, mke wangu ananiuliza kama nimeacha kuoga. Nimevumilia kwa sababu Novemba ndio wakati wa kupandana, dume linasahau uoga, linafuata majike mchana kweupe. Ukiwa na subira na upepo uko usoni kwako, siku yako inafika.

Ikafika jana, tarehe 8, Jumamosi. Saa mbili kasorobo asubuhi nasikia majani, krap, krap. Jike linapita mbio, nyuma yake DUME. Mapembe ya ncha nane, shingo imevimba kama gunia la mkaa, pua chini. Yadi 40. 30. Linasimama nyuma ya kichaka, linatoka, yadi 22, ubavu wote uko wazi. Nimevuta upinde mpaka shavuni, mvuto wa pauni 60, sipumui, moyo unapiga mpaka mti unatikisika. Nahesabu moja, mbili,

"BABA JUNIOR UKO MTI UPI? CHAI HII!"

Wakuu. CHAI HII! Porini! Kwa sauti ya konda wa Mbagala! Kageukia upande wangu na chupa ya chai mkononi, jaketi la bluu, na bluu ndio rangi kulungu anayoiona vizuri, hiyo ya chungwa ya wenye bunduki wala haimsumbui. Amejifukiza udi. UDI! Yuko upande unaotoka upepo! Dume likanyanyua kichwa, likapuliza pua kama tairi la lori limepasuka, mkia mweupe juu, likaenda. Nadhani saa hizi liko Indiana.

Mtaniuliza alijuaje nilipo. Nilimpa lokesheni MIMI. Ukipanda mti peke yako lazima mtu mmoja ajue ulipo, ukianguka waje kukuchukua. Nikamwambia, hii fungua nikiwa sijarudi mpaka saa saba mchana. Saa mbili kasoro tayari yuko chini ya mti wangu anauliza kama naweka sukari!!

Na hilo sio lililonitoa machozi. Kumbe alikuwa anarekodi. Nimefika nyumbani nakuta video kwenye grupu la jumuiya, watu 212, mimi juu ya mti na upinde umevutwa, maandishi: "MLINZI WA MITI, SIKU YA 19." Mchungaji kaweka kicheko. Shemeji yangu kaweka kicheko. CHAI HII! Nimebakiza siku tano, wakuu, siku tano, na nikifumba macho naona yadi 22 halafu nasikia CHAI HII!

---

Kidedea616: Pole mkuu. Chai ilikuwa ya maziwa au ya rangi?

MwanaMwaloni: Unauliza nini wewe? Dume la ncha nane yadi 22!

Kidedea616: Nauliza kwa sababu kwangu alikuja kwenye msiba na chupa tupu akaijaza.

Furaha_wa_Bukavu: Ule muntu tunamujua. Alikulaka na franga za matanga ya mwaka jana, mupaka leo hajarudisha. Weye unalia nyama, siye tunalia franga.

MamaWawili: Subiri dada, ni yeye yule aliyeshika daftari la michango ya harusi ya Kalamazoo?? Mimi nilitoa dola 150 na kwenye orodha nikasomwa 50, nikaaibika mbele ya wakwe!

Furaha_wa_Bukavu: Yeye mwenyewe.

Simba_wa_Lansing: Mtoa mada samahani ila asubuhi 19 bila kitu tatizo sio chai. Wahadzabe kule Eyasi wana upinde wa mti na kamba ya mshipa wa mnyama, hawana stendi ya mtini hawana sabuni maalumu, na wanakula nyama. Wewe una mtambo wa pauni 60 na unaleta uzi.

MwanaMwaloni: Mhadzabe ana sumu kwenye mshale na HANA JIRANI ANAYEMLETEA CHAI. Nilikuwa nimeshavuta! Umewahi kuvuta upinde ukaurudisha taratibu huku unatazama mkia mweupe unapotea? Kaa kimya.

Simba_wa_Lansing: Mlinzi wa miti kakasirika 😂😂

Otieno_MN: Wueh! Sisi Kenya mambo ya kuwinda iliisha 1977, serikali ilifunga kabisa. Nilikuja Minnesota nikashangaa boss anaomba off akaue mnyama na anapewa, mimi naomba off ya mazishi ya cucu naulizwa nilete barua. Hiyo ndio complaint ya maana bana.

Mwalimu_Bios: Niweke jambo sawa kwa faida ya wote. Huyo mnyama sio kulungu. Kulungu ni yule wa kwetu mwenye pembe za kudumu, wengine wanamwita pongo. Hawa wa Marekani wana mapembe yanayodondoka kila mwaka na kuota upya, ni jamii nyingine kabisa. Afrika nzima jamii hiyo kiasili iko kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Ndio maana Kiswahili cha kila siku hakina jina lake.

Kidedea616: Sasa tumwiteje, mwalimu?

Mwalimu_Bios: Watu wanasema dia. Mimi sijaridhika.

Bint_Pangani: Sisi nyumbani tunasema paa.

Mwalimu_Bios: Paa ni mdogo, dada yangu. Paa anaingia kwenye kapu.

Bint_Pangani: Kapu la ukubwa gani hilo?

MwanaMwaloni: WAKUU. Muiteni mnavyotaka. Mtu amekuja chini ya mti wangu na udi. Leseni ya msingi dola 11, ya mnyama dola 20, mafuta ya gari mara 19, nimebadilishana shifti na watu wanne, na kosa langu ni kumwamini mtu na uhai wangu. Lokesheni ilikuwa ya kuniokoa nikianguka!

NesiUsiku: Kaka nakuonea huruma kweli ila wewe unawatafuta, mimi wananitafuta. Juzi kati natoka zamu, kulungu (au dia, mwalimu nisamehe) karuka kutoka mtaroni, taa, boneti, redieta, vyote kwaheri. Novemba wanakuwa vichaa, dume linafuata jike halioni gari. Bima wananiambia nianze kulipa elfu moja yangu kwanza ndio waguse chochote. ELFU MOJA!

MwanaMwaloni: Dada, barabara gani? Na lilikuwa na ncha ngapi?

NesiUsiku: Sikuhesabu ncha kaka, nilikuwa nahesabu pumzi.

Otieno_MN: Pole sana siz. Hao wa insurance ni wezi. Yangu ilipanda na sijagonga hata panya.

MamaWawili: Ya kwangu imepanda mara mbili ndani ya mwaka, nikipiga simu naambiwa ni mtaa ninaoishi. Mtaa umenifanya nini mimi?

Furaha_wa_Bukavu: Na ile nyama uliigonga, nani aliibeba?

NesiUsiku: Polisi alisema naweza kuomba kibali nikaichukua. Mimi nikamwambia baba nataka kulala. Kuna jamaa alisimama, kaichukua yeye.

Kidedea616: Jamaa gani?

NesiUsiku: Wa kwetu, alinisalimia kwa Kiswahili. Jaketi la bluu.

Simba_wa_Lansing: 😂😂😂😂😂 HAPANA

MwanaMwaloni: Haiwezekani. Dada niambie ilikuwa siku gani. Dada. Jana usiku kaniletea nyama mlangoni kwenye mfuko, kaniambia pole ya asubuhi, nimeirudisha sijaigusa. NIAMBIE ILIKUWA SIKU GANI.

MamaWawili: Mimi nyama kanigawia Alhamisi, wala sikuuliza imetoka wapi. Ilikuwa laini lakini, nimeipika na nazi.

Bint_Pangani: Nazi ya kopo au ya kukuna? Ya kopo ipi isiyokatika?

MamaWawili: Kopo, ila tikisa kwanza na usiache ichemke sana.

NesiUsiku: Jamani redieta ya Corolla ya 2014, nani anajua fundi wa bei nafuu upande wa Kentwood?

Otieno_MN: Usiende dealer siz. Ngoja nikutumie number ya msee fulani inbox.

Mwalimu_Bios: Na matairi ya theluji, kama kuna anayeuza, saizi 16.