Faili lipo, ruhusa zipo, kontena linasema "no such file or directory"

kilo_na_nusu:

Wakuu, naomba msaada. Nina programu ya C, faili moja tu, bei.c. Inauliza kilo za unga, inazidisha na bei, inaandika jumla. Sitaki kusakinisha gcc (kompaila ya C) kwenye mashine, hivyo nimeandika Dockerfile hii, yaani maelekezo ya Docker ya kujenga imeji, kifurushi kinachoendeshwa kama kontena:

```
FROM gcc:13-bookworm AS jenzi
WORKDIR /kazi
COPY bei.c .
RUN gcc -O2 -Wall -o bei bei.c

FROM alpine:3.20
COPY --from=jenzi /kazi/bei /usr/local/bin/bei
CMD ["/usr/local/bin/bei"]
```

`docker build -t bei .` inamaliza bila kosa. Nikiendesha `docker run --rm bei`:

```
exec /usr/local/bin/bei: no such file or directory
```

Nimeingia ndani kwa `docker run --rm -it bei sh`. `ls -l` inalionyesha faili, -rwxr-xr-x. Nikiliita kwa jina lake kamili naambiwa "not found". Chmod haijabadili kitu. Hapa tatizo ni nini?

Nyundo_ya_Kerneli:

Faili linalokosekana si bei. Angalia hili, kwenye hatua ya kwanza ya ujenzi wako:

```
docker build --target jenzi -t bei-jenzi .
docker run --rm bei-jenzi readelf -l bei | grep interpreter
```

Itakujibu:

```
[Requesting program interpreter: /lib64/ld-linux-x86-64.so.2]
```

Programu iliyokompailiwa kawaida haijitoshelezi. Ndani yake imeandikwa njia ya programu nyingine ndogo, ile inayopakia laibrari kabla ya main kuanza. Kerneli inaisoma njia hiyo, inaifuata, haikuti kitu, inarudisha kosa la "hakuna faili". Shell inapokea kosa na kulibandika kwenye jina ulilochapa wewe, maana ndilo pekee inalolijua. Ndiyo maana watu wanahangaika na chmod nusu siku.

Imeji ya gcc ni Debian, laibrari yake ya msingi ya C ni glibc. Alpine inatumia musl, na kipakiaji chake kipo /lib/ld-musl-x86_64.so.1. Umejenga nyumba moja, umehamia nyingine, funguo haziingiani.

Kwa programu yako, badilisha mstari mmoja:

```
RUN gcc -O2 -Wall -static -o bei bei.c
```

Laibrari zote zinaingia ndani ya faili. Hata Alpine huihitaji tena, weka `FROM scratch` (imeji tupu) na imeji nzima itakuwa hilo faili tu, chini ya MB 1. Ila scratch haina shell, kwa hiyo CMD ibaki na mabano ya mraba kama ulivyoandika. Ukiandika `CMD /usr/local/bin/bei` bila mabano, Docker itatafuta /bin/sh na utarudi hapa na kosa lilelile.

mama_paipu:

Naongezea. -static ni sawa kwa programu hii, lakini ikianza kutafuta majina ya seva kwenye mtandao kwa getaddrinfo, glibc itakuonya wakati wa kuunganisha kwamba bado inahitaji laibrari zake za wakati wa kuendesha. Ukifika huko, kompaili ndani ya Alpine yenyewe:

```
FROM alpine:3.20 AS jenzi
RUN apk add --no-cache gcc musl-dev
```

Usisahau musl-dev. Bila hiyo gcc inasakinishwa vizuri kisha inalalamika haioni stdio.h.

Kuna watakaokuambia `apk add gcompat`, kifurushi kinachoiga glibc juu ya musl. Kwa programu ndogo itafanya kazi, lakini ni kiraka, sikishauri kwa kitu unachoweza kukikompaili upya kwa sekunde mbili.

Njia nyingine ni kubaki Debian pande zote: hatua ya pili iwe `debian:bookworm-slim`. Hapo angalia matoleo yalingane. Mtu akiandika `gcc:latest` juu na bookworm-slim chini, anapata:

```
version `GLIBC_2.38' not found
```

Debian 12, ndiyo bookworm, ina glibc 2.36. Kuanzia toleo la 15, GCC kwa kawaida yake inafuata kiwango cha C23, na kwenye glibc mpya scanf yako inageuzwa kimyakimya kuwa `__isoc23_scanf`, iliyoingia kwenye 2.38. Hujaandika kitu kipya hata kimoja na bado programu inadai glibc mpya. Ndiyo maana tagi kama yako, yenye jina la toleo la Debian, ni bora kuliko latest.

kilo_na_nusu:

Asanteni sana. -static imekubali. Sasa inaanza lakini haingoji niandike kilo. Inaandika swali na jumla ya ajabu papo hapo, inatoka.

Nyundo_ya_Kerneli:

Umeendesha bila -i, inayoacha ingizo wazi. Kontena halina ingizo lolote, scanf inakuta mwisho wa faili na kurudisha EOF, na kigeu chako kinabaki na takataka iliyokuwamo kwenye kumbukumbu. Tumia `docker run --rm -it bei`. Na kwenye msimbo:

```
printf("Kilo ngapi? ");
fflush(stdout);
if (scanf("%lf", &kilo) != 1) {
    fprintf(stderr, "Kilo hazijasomeka\n");
    return 1;
}
```

fflush si pambo. Ukiendesha kwa -i pekee, bila -t (inayoipa programu terminali), stdout ni paipu. Swali lisilo na mstari mpya linakaa kwenye bafa (hifadhi ya muda) mpaka programu iishe, wewe unakodolea macho skrini tupu ukidhani imeganda.

Ukiwa hapo Ctrl+C inaweza isifanye kitu. Programu yako ni PID 1, mchakato wa kwanza ndani ya kontena, na kerneli haiui PID 1 kwa SIGINT (ishara ya Ctrl+C) kama yenyewe haijaandaa namna ya kuipokea. Ongeza `--init`, Docker iweke programu ndogo kuwa PID 1 badala ya yako.

bandari_8080:

Kwa faili moja la majaribio, mbona hata Dockerfile si lazima?

```
docker run --rm -it --init -u "$(id -u):$(id -g)" \
  -v "$PWD":/kazi -w /kazi gcc:13-bookworm \
  sh -c "gcc -Wall -o bei bei.c && ./bei"
```

Ukiondoa -u kwenye Linux, faili la bei litakuwa mali ya root na utahitaji sudo kubadili ruhusa zake. Imeji ya gcc ni kubwa, ikishafunguka kwenye diski inazidi GB 1, kwa hiyo ivute ukiwa na bando la maana. Baada ya hapo inakaa kwenye mashine.

mama_paipu:

Na kama unajenga kwenye Mac ya M1 au mpya zaidi halafu seva ni ya Intel, kosa litakuwa "exec format error". Hilo halihusiani na musl wala glibc, kichakataji ndicho tofauti. Jenga hivi:

```
docker build --platform linux/amd64 -t bei .
```