Mjadala: Familia inayompokea mgeni wa kubadilishana utamaduni, ilipwe au isilipwe?

Mratibu wa wanafunzi, Unguja

Wadau, salamu. Hoja hii huturudia kila kundi la wageni linapokaribia. Vyuo vya nje vinavyoleta wanafunzi kujifunza Kiswahili huku kwetu kwa kawaida huilipa familia kwa siku ambazo mgeni amelala kwake. Peace Corps nao, shirika la wajitolea la serikali ya Marekani, wanapowaweka wajitolea wao majumbani wakati wa mafunzo, huipa familia posho. Lakini kijana wa Tanzania au Kenya anayekwenda Marekani kwa mpango wa YES, wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa sekondari, ulioanza 2002, hukaa mwaka mzima wa shule kwenye familia isiyopokea hata senti. Wapo wanaosema malipo yanaua undugu. Wapo wanaosema kutolipa ni kumnyonya mama wa nyumba. Mimi nasema gharama zirudishwe zote, faida isiwepo. Anayepinga alete hoja.

Mdau, Mombasa

Napinga, na nitasema kwa nini. Pesa ikiingia, mpangilio wa nyumba unabadilika. Nyumba ya vyumba vitatu inapokea mgeni mmoja, msimu unaofuata wawili, halafu wanne. Watoto wa nyumba wanahamia sebuleni kwenye mkeka, wageni wanajaza vyumba viwili na usiku wanapiga soga za Kiingereza wao kwa wao. Hapo mmefungua gesti.

Vyama vikongwe vya kazi hii havilipi wenyeji. Servas ilianza 1949, baada ya vita, ili watu wa mataifa walale majumbani mwa wenzao na kufahamiana. Friendship Force ilitangazwa 1977 na Rais Jimmy Carter. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na anayepona kwa ugeni hapozwi kwa risiti.

Mama mwenyeji, Morogoro

Kaka wa Mombasa, angalia muda. Mgeni wa Servas kwa kawaida hukaa siku mbili. Hilo wazee walishalipangia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi wa Kiswahili anakaa wiki sita hadi miezi minne, na jembe halishiki kwa sababu asubuhi mpaka alasiri yuko darasani.

Sasa tupige hesabu ya mgeni mmoja kwa siku 30. Kilo moja ya mchele inatosha watu watano kwa mlo mmoja. Kwa milo miwili kwa siku, ukichanganya wali na ugali, ni karibu kilo 12 za nafaka kavu. Maji ya kunywa lita 3 kwa siku, kwa mwezi lita 90, zote zimechemshwa. Gesi hiyo ni ya nani?

Halafu umeme. Hita ya bafuni ya wati 5,500, dakika kumi tu, inakula karibu uniti 0.9. Akioga asubuhi na jioni, mwezi mzima ni uniti 55. Nyumba iliyo kwenye D1, daraja la TANESCO la watumiaji wadogo wa umeme, hununua uniti 75 za mwezi kwa bei nafuu, na ikivuka hapo kila uniti ya ziada hupanda zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo mgeni mmoja anayependa maji moto anaipandishia familia nzima bili ya friji, taa na pasi. Mimi nashauri iandikwe kwenye makubaliano: maji ya kuoga yapashwe kwa ndoo, au mpango ulipe tofauti ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mwezi ukiisha.

Nani anabeba haya yote kama hakuna malipo? Ni anayepika. Anaamka kabla ya mtu mwingine yeyote mle ndani, anawasha jiko, anachemsha maji, anafua mashuka. Kumwambia afanye hivyo miezi minne kwa ajili ya urafiki wa mataifa si haki.

Mdau, Minnesota (Mtanzania)

Naomba kusahihisha picha ya Marekani. Ni kweli, kanuni za viza ya J-1 kwa wanafunzi wa sekondari zinakataza familia kulipwa. Lakini kutolipwa huko kumewekewa nguzo. Mwanafunzi wa YES anakuja na bima ya afya na posho yake ya mwezi. Shule inambeba kutwa nzima. Kila mtu mwenye miaka 18 au zaidi ndani ya nyumba hukaguliwa rekodi ya uhalifu. Nyumba hutembelewa kabla, na ndani ya siku 60 za kwanza mtu mwingine, asiye yule aliyeipitisha, huja kuiona tena. Kila mwezi mratibu huzungumza na mwanafunzi na familia. Kitanda lazima kiwe kitanda hasa, si sofa wala godoro la kujaza upepo. Hata sheria ya kodi humruhusu mwenyeji asiyelipwa kuhesabu hadi dola 50 kwa mwezi kama mchango wa hisani.

Ukitaka tuige kutolipa, tuige na hizo nguzo.

Mwalimu wa Kiswahili kwa wageni

Mnabishana juu ya pesa, mie naona kinachoharibu urafiki ni sahani.

Mgeni anafika, anatengewa meza sebuleni, sahani yake, kijiko chake, feni imeelekezwa kwake. Familia inakula nyuma kwenye sinia. Nia ni heshima, na siku ya kwanza ni sawa kabisa. Wiki ya tatu bado yuko pale peke yake, na Kiswahili chote cha nyumba, kile cha kutaniana, kuombana chumvi na kusimuliana ya mtaani, kinapita nyuma ya pazia. Anarudi kwao anajua kusema "chakula ni kitamu" na basi.

Siku ya tatu aingie jikoni. Jembe la mjini ni mbuzi ya nazi. Akae juu yake, ashike kifuu kwa mikono miwili, akune huku anageuza, asifike kwenye ganda la kahawia kwa sababu tui litakuwa jeusi. Maji ya kwanza yawe kidogo, akamue kwenye kifumbu, hilo ndilo tui zito, aliweke pembeni. Maji ya pili ndiyo tui jepesi, linaanza kuivisha mchuzi, zito linaingia mwishoni na mwiko usiache kukoroga, la sivyo linakatika. Katika nusu saa amesikia vitenzi "kuna", "geuza", "kamua", "chuja", "koroga", na kila neno limeshikwa na mkono. Mama naye amepata msaidizi. Mgeni aliyekaa hivyo hata akilipa, ni mtoto wa nyumba.

Malipo mimi sina shida nayo. Sharti langu ni mgeni mmoja kwa nyumba moja. Wakiwa wawili wa lugha moja, kazi yote hii imepotea.

Muuguzi, Tanga

Nyongeza fupi, kwa sababu wageni wengi huugua siku za mwanzo na lawama huangukia pilipili. Maji yachemke mpaka yatokote dakika moja kamili, yapoe kwenye sufuria ileile iliyofunikwa, yahifadhiwe kwenye chombo chenye koki. Tatizo huwa ni kikombe kinachochovywa na kila mkono, barafu ya maji mabichi ndani ya juisi, na kachumbari iliyooshwa bombani. Na chandarua chenye dawa kiwepo kitandani kabla mgeni hajafika.

Mdau, Mombasa

Mama wa Morogoro, hesabu ya LUKU imenishika. Narudi nyuma kwenye gharama: zirudishwe. Ila bado nataka ukomo. Mgeni mmoja, kama alivyosema Mwalimu, na mtoto wa nyumba asitolewe kitandani kwake. Mratibu, nauliza: pesa mnampa nani? Nyumba nyingi inaingia kwenye simu ya baba, na mama aliyepika haioni.

Mratibu wa wanafunzi, Unguja

Swali lako ndilo lenye uzito kuliko mengine yote, ndugu yangu. Iingie kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la anayepika, na iandikwe hivyo kwenye fomu mbele ya wote wawili. Ikilipwa yote mwishoni, mama anakopa dukani miezi minne. Ikilipwa yote mwanzoni, mgeni akihama wiki ya pili panakuwa na ugomvi wa kudaiana. Nusu itangulie siku tatu kabla mgeni hajafika, nusu iliyobaki katikati ya muda. Mgeni akihama mapema, ya wiki ya kwanza isirudishwe, kwa sababu mchele umeshanunuliwa.

Anayekagua nyumba asiwe jamaa wa familia. Sheha, kiongozi wa mtaa, ajue nani analala wapi. Chumba cha mgeni kiwe na komeo la ndani.

Mama mwenyeji, Morogoro

Hapo tumekutana. Limebaki moja, nalo si la pesa. Wao wanakuja, wanetu hawaendi. YES inachukua vijana wachache mno, na binti wa nyumba aliyemfundisha mgeni kukuna nazi hajui hata aanzie wapi kuomba. Chuo kinacholeta wageni kila mwaka kiwajibike kuwaelekeza watoto wa wenyeji: nafasi zipo wapi, fomu hufunguliwa lini, insha huandikwaje. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji mtu wa kukaa nao Jumamosi mbili.

Mratibu wa wanafunzi, Unguja

Nakubali. Naongeza mstari huo kwenye makubaliano, chini ya ule wa malipo. Mwalimu, naomba orodha yako ya vitenzi vya jikoni niiambatishe kwenye barua ya mgeni. Kundi linalofuata liwe nayo mkononi kabla ya kupanda ndege.