Windows 10 haipati tena apdeti, nifanyeje? Naombeni ushauri

Mchapaji wa Kona: Wakuu, habari za jioni. Kompyuta yangu ni Windows 10, na tangu Oktoba 14, 2025 apdeti za usalama zimekatwa. Nasikia unaweza kuongezewa mwaka bure, mpaka Oktoba 2026, ila pale pa kujiandikisha kwangu hapatokei. Windows 11 inagoma, prosesa ni Core i5 kizazi cha 4. Nina wasiwasi kweli.

KibuyuKitupu: Windows 11 sahau, inataka kizazi cha 8 kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Piga Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Mimi virusi siku hizi navisikia kwenye redio.

Mama Pangani: Linux tena! Mdogo wangu alimpigia shemeji yake Linux, printa ikagoma, wakanuniana mpaka Idi.

FundiJioni: Mleta mada, tafuta winver, ile inayoonyesha toleo la Windows, ifungue, utuambie inasomeka nini.

Mchapaji wa Kona: 22H2, mkuu.

FundiJioni: 22H2 ya nini? Home? Pro?

Mchapaji wa Kona: Enterprise. Aliyeniuzia alishaipiga.

FundiJioni: Ndiyo maana. Nyongeza ile ni ya Home na Pro, Enterprise wanalipia makampuni. Hiyo yako ni ya kukraki.

Mchapaji wa Kona: Nani mtaani ana ya kununua? Halafu hii ni ya steshenari, watoto wa watu wanajazia hapo fomu za mikopo, siwezi kufunga kazi. Kuna fundi atanipigia Windows 10 ya IoT LTSC, ile ya mashine maalumu, apdeti mpaka 2032. Nimeshampa elfu thelathini ya kishika uchumba.

Mzee wa Flashi: Steshenari ndiyo unaitaja sasa hivi? Flashi za mtaa mzima zinapita hapo! Mei 2017, kirusi cha WannaCry, ofisini kwetu tulikuta mafaili yote yamefungwa, wanadai bitcoin. Apdeti ya kukizuia ilishatoka Machi. Bosi alikuwa amezima apdeti, eti zinakula bando.

Chuma Chakavu: Hii ni chai. Mtu anaijua IoT LTSC, hajui Enterprise yake ni nini? Huyu ndiye fundi mwenyewe. Subirini namba ya simu.

Mchapaji wa Kona: Mimi si fundi jamani! Aliniandikia kwenye karatasi.

Mama Pangani: Tupigie picha hiyo karatasi, baba.

Mchapaji wa Kona: Iko dukani, nimeshafunga.

Chuma Chakavu: 😂 Leteni vitafunwa.

FundiJioni: Chai au si chai, wengine watasoma. Hiyo ya 2032 ni kweli ipo, lakini ukiikraki, kitu cha kwanza unaambiwa uzime Defender, kinga ya virusi ya Windows. Sasa apdeti za nini? Mashine hizi za mtumba nyingi zilishawahi kuwa na Windows 10 Pro halali. Hamisha mafaili, piga Pro upya, iunge intaneti. Leseni ikijitambua, pa kujiandikisha patatokea. Isipojitambua, Mint, ila iwashe kwanza kutoka kwenye flashi ujaribu printa kabla hujafuta kitu.

Mchapaji wa Kona: Na elfu thelathini yangu?

KibuyuKitupu: Uchumba ukivunjika mahari hairudi, mkuu.