Tezi ya shingo imelala na mizani haisogei: tupeane uzoefu

Mchovu wa Asubuhi:
Wadau, leo mtu ambaye hatujaonana siku nyingi kanitazama juu hadi chini akasema, "Maisha yamekukubali." Nikacheka tu. Tezi yangu ni mvivu, dawa nameza, TSH (kile kipimo cha damu kinachopanda tezi ikilegea) imerudi mahali pake, usingizi wa mchana umekwisha. Kilo ndizo zimegoma. Mliopungua, mlipita wapi? Mlioshindwa pia njooni.

Nusu Kidonge:
Mimi wa kundi la pili. Naweka kambi hapa.

Bi Sauti Nzito:
Umenikumbusha mashindano ya kupungua kazini kwetu. Kila Ijumaa tunapimwa mbele ya wote, mmoja anaandika ukutani. Wenzangu wanashuka, mimi napanda. Chakula cha usiku nilishaacha, natembea kwenda na kurudi, nikikaa tu nasinzia na kalamu mkononi. Ijumaa moja yule mwandishi akasoma kilo zangu kwa sauti, akaongeza: "Huyu usiku ana jiko la pili." Watu wakavunjika mbavu. Nikaenda kujifungia chooni, nikajitazama kwenye kioo: uso umevimba kama wa mtu aliyelia usiku kucha, na wala sikuwa nimeanza kulia.

Sauti nayo ilishakuwa nzito, wanaopiga simu wananiita kaka. Choo kwa shida, nywele zinabaki kwenye kitana, hedhi haikomi, nimevaa sweta wenzangu wanafungua madirisha. Kila kimoja nilikuwa nimekipa sababu yake. Aliyeviunganisha ni daktari wa koo niliyemwendea kwa ajili ya sauti tu. Alinipapasa shingo, akasikiliza moyo unavyojivuta, akaandika TSH. Ikarudi 68, wakati ya kawaida huishia 4 na ushei. Ni Hashimoto, yaani kinga ya mwili inaishambulia tezi yako mwenyewe. Jina ni la daktari wa Kijapani aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1912.

Dawa ilipokubali, uso ukanywea, kilo kadhaa zikaondoka zenyewe. Nikajua nimeukata. Kumbe yale yalikuwa maji na chumvi. Yaliyobaki yapo mpaka leo.

Nusu Kidonge:
Ya kuitwa kaka nakazia.

Jimu Kila Siku:
Watakaoudhika wanisamehe. Hesabu ni kinachoingia na kinachotoka. Tezi isiwe kisingizio.

Bi Sauti Nzito:
Homoni ya tezi ndiyo inayopanga mwili uunguze kiasi gani hata ukiwa umelala. Sasa wewe unanifundisha hesabu huku namba moja umeifuta.

Nesi Mstaafu:
Punguzeni jazba. Tezi peke yake mara nyingi huongeza kilo 2 hadi 5 hivi, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Ukiwa umeongeza 20, tezi ina fungu lake, lakini si zote. Na wewe Jimu, mtu ambaye misuli inamuuma na moyo unakwenda taratibu usimkimbize kabla dawa haijakaa sawa.

Jimu Kila Siku:
Ndicho nilichosema.

Bi Sauti Nzito:
Sicho. Panda juu usome.

Gauni la Bluu:
Mie sina ushauri, nina kisa. Mdogo wangu tezi yake ni nzima. Akasikia dawa yangu "inachangamsha mwili", na kuna gauni alitaka limwenee. Naona kopo langu linaisha mapema, nikawa nawashuku wa duka la dawa. Kumbe yeye anachota, vitatu kwa mkupuo! Alipungua kidogo, kweli. Pia mikono ikawa inatetemeka, halali, jasho, ugomvi na kila mtu. Siku ya harusi, kasimama mbele ya watu na maua mkononi, moyo ukaanza kwenda mbio na kurukaruka bila mpangilio. Akakaa chini palepale. Hospitali wakambandika nyaya kifuani, wakauliza anatumia dawa gani. Badala ya kujibu akanitazama mimi.

Mchovu wa Asubuhi:
Ngoja. Bibi harusi ndiye yeye??

Gauni la Bluu:
Ndiye.

Nusu Kidonge:
Vidonge alikulipa?

Nesi Mstaafu:
Mnacheka, ila karatasi ya levothairoksini, hii dawa yenu ya tezi, inaonya wazi kwamba si dawa ya kupunguza uzito. Ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa.

Kabichi Mbichi:
Turudi kwenye mada. Acheni kabichi kabisa, mtaniambia.

Bi Sauti Nzito:
Jina lako na ushauri wako mpatanishwe kwanza. Iliyopikwa, kwa kiasi, wala haina neno.

Asiyelala:
Mimi asubuhi siwezi kukaa nusu saa bila kahawa, na kahawa inazuia dawa. Daktari akaniruhusu nimeze usiku, zikiwa zimepita saa 3 au zaidi tangu nile. TSH imetulia.

Nusu Kidonge:
Mie nameza asubuhi pamoja na kidonge cha madini ya chuma nisisahau. Dozi imeongezwa mara mbili.

Nesi Mstaafu:
Chuma kinaishika dawa tumboni isiingie. Vitenganishwe kwa muda wa saa 4. LAKINI usitenganishe kimyakimya: dozi yako ilipandishwa chuma kikiwepo, sasa itaingia yote, utakuwa kama yule bibi harusi. Mwambie daktari kwanza, mpime tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Asiyelala:
Kuhusu kilo: dozi ilipotulia nilianza kunyanyua vyuma vyepesi na kupunguza sahani. Zimetoka 6, kwa mwaka mzima.

Jimu Kila Siku:
Vyuma! Sahani! Mmeona?

Bi Sauti Nzito:
"Dozi ilipotulia" umeiruka tena.

Mchovu wa Asubuhi:
6 kwa mwaka nazichukua. Gauni, harusi ilimaliziwa lini?

Gauni la Bluu:
Alipopata nafuu. Na gauni ilibidi lifumuliwe, halikumwenea.