Misali: tufunge bahari au tufunge zana?

Hoja iliyoletwa mjadalani ni kwamba, kwa kuwa wavuvi wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, walikubali kufunga miamba ya pweza kwa muda na wakanufaika, basi wanaovua Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, nao wakubali eneo lisilovuliwa lipanuliwe moja kwa moja, maana watafiti wanaona kuwa matumbawe ya upande huu wa Pemba, yanayopozwa na maji baridi ya mkondo wenye kina kirefu, yana nafasi kubwa zaidi ya kunusurika joto la bahari. Hilo la maji baridi silipingi.

Mfano wa pweza ndio nisioukubali. Pweza hukua upesi, na aliyevumilia miezi michache huiona faida siku ya kufungua, mzigo unapopimwa ufukweni mbele ya kila mtu. Tumbawe la mviringo huongezeka takriban sentimita moja kwa mwaka. Anayeambiwa alisubiri hilo huenda akawaachia wajukuu matunda yake, ilhali dago lake, yaani kambi yake ya uvuvi, linatakiwa lihame leo.

Isitoshe, mpaka wa hifadhi hauzuii joto. Misali ilitangazwa hifadhi mwaka 1998, mwaka uleule ambao joto liliyapausha matumbawe yake na kuua mengi. Baada ya msiba kama huo, wanaosaidia mwamba kupona ni pono na tasi, ambao hula mwani ulioutanda, kwani tumbawe changa halipati pa kushika mwani ukishatawala. Samaki hao hao ndio wanaonaswa katika madema (mitego ya kuzamishwa), na juya, yaani wavu wa kukokota, nalo linapokokotwa huvunja matumbawe ya matawi. Mwenye mshipi anayefuata nguru na jodari maji makuu hana lawama hiyo, lakini mpaka ukipanuliwa naye atafukuzwa.

Kwa hiyo napendekeza marufuku ya juya (ambayo sote tunaijua na sote tunaona inavyovunjwa) isimamiwe kwa dhati, madema yawekewe mwanya wa kutokea samaki wachanga, pono aachwe, na mshipi uendelee. Watafiti wanaotandaza utepe juu ya mwamba na kuhesabu samaki wazamie pamoja na wavuvi, na matokeo yasomwe dagoni kwa Kiswahili kabla kamati za shehia hazijaamua lolote. Ikiwa baada ya miaka kadhaa hesabu hiyo itaonesha pono hawajarudi, hapo wanaotaka mpaka upanuliwe watakuwa na hoja ambayo hata mimi nitaiunga mkono.